Mdakaji wa Raundi ya Saba

Simu ilipoita, Colby Hruska alikuwa amejaa unga hadi viwikoni. Ilikuwa saa nane mchana, siku ya pili ya uteuzi wa wachezaji chipukizi wa besiboli, naye alikuwa jikoni, nyuma ya duka la mikate la mama yake, akikanda unga wa kolache, mikate midogo yenye matunda katikati. Tangu asubuhi alijiambia kwamba hangoji simu yoyote. Hata hivyo aliiweka juu ya gunia la sukari, mahali ambapo asingeweza kuacha kuiona.

"Pokea basi!" mama yake, Marlys, alimpigia kelele kutoka kaunta. "Au unataka nije niipokee mimi?"

Aliyepiga alikuwa Orrin Tatum, msaka vipaji wa timu ya Korongo. Kwa miaka miwili mzee huyo alizunguka vyuo vya Nebraska na gari lake lililochakaa, na mara sita aliketi nyuma ya wavu kumtazama Colby akidaka.

"Kijana, kaa chini," Tatum alisema. "Tunataka kukuchukua raundi ya saba."

Colby hakukaa. Alizidi kusimama wima, yeye aliyezoea kuchuchumaa nyuma ya mpigaji mchana kutwa akidaka mipira ya mrushaji. Raundi ya saba kati ya ishirini! Chuo chake kidogo hakijawahi kutoa mchezaji hata wa raundi ya mwisho.

"Pesa ya kusaini ni dola elfu kumi," Tatum akamalizia haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Nafasi ile ilikuwa imepangiwa dola laki mbili na sitini elfu. Colby alijua, kwa sababu orodha yote alikuwa ameikariri.

"Elfu kumi, mzee?"

"Sitakuficha. Kila nafasi ya raundi kumi za mwanzo ina bei yake, na bei zote zikijumlishwa ndilo fungu la timu. Tukilizidisha tunatozwa faini, tukizidi sana tunanyang'anywa na nafasi ya mwakani. Lakini ndani ya fungu tunaruhusiwa kuhamisha. Huyu akichukua kidogo, yule tunamwongeza. Jana tulichagua mrushaji wa miaka kumi na minane kutoka Texas. Asipopata donge nono anakwenda zake chuo kikuu. Yeye ana pa kwenda. Wewe miaka yako minne ya kuchezea chuo imekwisha."

"Kwa hiyo mnanitaka kwa kuwa mimi ni wa bei rahisi."

"Wakubwa walioko chumba cha uteuzi wanataka wa bei rahisi, ndiyo. Yapo majina manne ya namna hiyo mezani. Mimi nimegombana na watu kwa ajili ya jina lako."

Marlys alikwishaingia jikoni na kunyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

"Mama, ngoja..."

"Nimesema lete." Mwanamke huyo alikuwa amebishana bei na wauza unga kwa miaka ishirini, na wengine walikuwa wanapita mbali na mtaa wake. "Bwana Tatum, hujambo? Ni mama yake. Mwanangu anawaokolea laki mbili na nusu, halafu mnampa hela ya kununulia gari bovu kama lako?"

"Mama Hruska, mimi natumwa tu."

"Na aliyekutuma hana simu?"

"Ana dakika nne, mama. Zikiisha anachukua jina jingine."

Colby alimnyang'anya mama yake simu taratibu, kwa mikono miwili. Moyoni alikuwa na uchungu na furaha kwa pamoja, kila kimoja kikimsukuma mwenzake. Alikuwa amebakiza masomo manne tu awe mwalimu wa hesabu. Angeweza kukataa, akayamalizia, akafundisha, na kila Julai, uteuzi ukirudi, akajiuliza ingekuwaje.

"Mzee Tatum, nisikilize. Nataka elfu ishirini. Mkataba useme timu italipia masomo yangu yote yaliyobaki. Halafu, huyo mtoto wa Texas anarushaje?"

"Maili tisini na nane kwa saa. Siku nyingine juu ya kichwa cha mpigaji."

"Basi nipelekeni aliko. Kama pesa yangu imekwenda kwake, mimi ndiye nitakayeidaka."

Tatum alicheka hadi akakohoa. "Usikate."

Mteja aliingia dukani, kengele ya mlango ikalia, na hakuna aliyekwenda kumhudumia. Mama na mwana walisimama wakitazamana juu ya unga.

"Elfu kumi na tano," sauti ya Tatum ilirudi. "Masomo tunalipa yote, na itaandikwa. Hilo la tatu haliandikwi popote, lakini nitalisema mbele ya wakubwa. Unasemaje?"

"Ndiyo," Colby alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Marlys alijifuta macho kwa aproni, akajipaka unga usoni. "Wamekulalia," alisema. "Wamekulalia, na bado nataka kucheza ngoma."

Kambi ya wachezaji wapya ilikuwa Florida, kwenye joto la kuchemsha ubongo. Mrushaji wa Texas aliitwa Ezequiel Barrera, kijana mrefu, mwembamba, mpole, aliyekuja na gari jipya jeusi na dola milioni moja na nusu benki. Hesabu za timu zilikuwa wazi kwa yeyote mwenye simu, kwa hiyo siri haikuwepo. Wenzao walimwita Colby "Babu" kwa miaka yake ishirini na miwili, na walipochoka na hilo wakamwita "Punguzo la Bei."

"Punguzo, niletee maji!"

"Maji nayo yamepanda bei," alikuwa akiwajibu. "Nipeni miezi miwili nijichange."

Aliwacheka, nao wakampenda. Lakini wiki tatu zilipita bila kupangwa mchezo hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwadakia warushaji wakipasha mwili, kisha kukaa benchi.

Ezequiel hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Katika michezo miwili aliwapa wapigaji vituo vya bure kumi na moja kwa mipira iliyokwenda nje, na mpira wake mmoja ulimfuata mwamuzi hadi puani. Asubuhi moja alimkuta Colby peke yake akipaka glavu mafuta.

"Kaka Colby, ni kweli pesa yangu ilitoka kwako?"

"Si yote. Wapo na wengine watatu waliopunguziwa."

"Chukua gari langu."

"Halina nafasi ya miguu yangu."

"Sifanyi mzaha. Mbona hunichukii?"

Colby alifikiri, akaona hakuna sababu ya kudanganya. "Wiki ya kwanza nilikuchukia. Kila ulipopita nalo nilihesabu matairi. Hili langu, hili langu, na hilo la nyuma pia langu."

Ezequiel alicheka, kisha uso ukamkunjamana. "Kila nikishika mpira naiona ile milioni. Baba alinisindikiza akilia. Nikirusha vibaya, naona kama nimeiba."

"Mimi pale nilipochuchumaa siioni milioni yoyote," Colby alisema. "Naona mguu wako wa kushoto unatua mapema, mkono unachelewa. Basi. Twende nikuonyeshe."

Walifanya hivyo kila asubuhi kwa siku kumi na mbili, kabla kocha yeyote hajamaliza kahawa yake. Siku ya kumi na tatu Ezequiel alikwenda kwa meneja na kuomba adakiwe na Hruska.

Meneja alikubali, na katika mchezo wa jioni hiyo mpigaji wa kwanza alipewa kituo cha bure kwa mipira minne, yote nje. Kelele zikaanza. Colby aliinua kinyago, akamfuata mrushaji wake.

"Unamwona yule mama mwenye kofia ya njano?"

"Wapi? Ana nini?"

"Anasinzia. Tumwamshe."

Ezequiel alitikisa kichwa akitabasamu. Yule mpigaji aliyepewa kituo alipojaribu kuiba kituo cha pili kwa mbio, Colby alimrushia mlinzi wa kituo hicho mpira ulionyooka kama uzi, mtu akatolewa. Baada ya hapo mipira ya Ezequiel ilianza kuingia kwenye glavu kwa mlio mkavu. Vipindi vitano alivyorusha havikumpa mpinzani hata pointi, na wapigaji wanane walirudi benchi wakiwa wamepiga hewa. Katika kipindi cha sita Colby mwenyewe aliupiga mpira hadi ukutani, akawaingiza wakimbiaji wawili nyumbani, pointi mbili.

Mchezo ulipokwisha, alikuwa akifungua kinga za miguu meneja alipopita na karatasi zake.

"Hruska. Kesho unadaka."

"Kesho Ezequiel harushi, kocha."

"Ratiba naijua," meneja alisema bila kusimama. "Nimesema unadaka wewe."

Colby alibaki ameketi, kinga moja mguuni na nyingine mkononi. Kisha akaenda kuitafuta simu yake, ampigie mama kabla hajafunga duka.