Wanaolia Wakigongwa

Jumatatu moja ya Machi 2006, Gathii, mpima maji kutoka Kitale, alifungua bomba la soko dogo upande wa Bungoma. Aliacha maji yatiririke dakika mbili, akajaza chupa mbili, akatia matone ya asidi ili metali isishike kwenye kuta za chupa. Alitafuta kromi, metali inayoleta saratani, kwa kuwa mto uliolisha bomba hilo ulipita kando ya kiwanda cha ngozi.

Nasambu, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, alipotua mtungi wake kiwiko chake kiligonga bomba, kikalia kama kengele. Alieleza kwamba wanywaji wa hapo hulia hivyo. Mumewe, Kizito, aliyefariki kwa saratani ya tumbo, alilia alipoteremshwa kaburini, na mchungaji akangoja anyamaze ndipo akaendelea na sala.

Gathii alitoa kijiko, akagonga viwiko vya watu thelathini na mmoja, akiandika.

"Polepole, daktari," Nasambu alisema. "Mimi si sufuria, bana."

Waliokunywa miaka mingi walikuwa na mlio mzito. Wanaoteka maji kwenye chemchemi ya mbali hawakulia kabisa. Alasiri foleni ilipotawanyika, viwiko viligonga mitungi na njia nzima ikalia taratibu mpaka ndani ya mahindi.

Kabla Gathii hajaondoka, Nasambu alimuuliza kama bomba lingefungwa kabla ya Juni. Likifungwa, lori la maji lingeletwa. Lisipofungwa, binti yake Nelima, mwenye mimba na asiyeweza kutembea hadi chemchemi, hakuwa na maji mengine ya kunywa. Gathii alimwambia angoje maabara.

Huko Kitale, Thuo wa maabara alisoma daftari lote. Dawa ya kupimia kromi ilikuwa imeisha tangu mwaka uliotangulia, kwa hiyo alipima rangi, harufu na vijidudu.

"Na hawa wanaolia?" Gathii aliuliza.

"Naamini wanalia. Lakini fomu inataka namba, na mlio si namba."

Aligonga muhuri kwenye barua: maji yanafaa kunywewa. Gathii aliipeleka barua mwenyewe. Nasambu aliisoma mara mbili, kisha akajaza mtungi.

Nelima alijifungua Juni, asubuhi ya Alhamisi. Mkunga alimgonga mtoto kisigino, akasikia mlio mwembamba uliodumu mpaka kitovu kikafungwa. Akaandika: mzima, kilo tatu na robo. Kisha akamwambia Nelima anywe maji mengi, maziwa yatoke vizuri.