Maji Mazito ya Kisimani

Siku kaka mkubwa alipoipasua pampu ya mdogo wake kwa nyundo, mdogo mtu alimjibu kwa spana mdomoni, na jino la mbele likaanguka kwenye tope. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Lakini dada yao hakuwa na jembe. Alikuwa mpimaji katika maabara ya maji, basi akachukua chupa.

Ugomvi ulikuwa mmoja. Kisima cha kaka, kilichochimbwa kwa mkono na marehemu baba yao, kilikuwa kinakauka. Kaka aliapa kwamba mdogo wake, aliyeitwa Bomba tangu achimbe kisima kirefu kwa mashine kule juu mtelemkoni, ndiye anayemnyonya. Akikosa maji, alisema, atateka damu.

Dada alichota maji kwa kaka, kwa Bomba, na kwenye kidimbwi kilichobaki katika bwawa la bondeni, karibu na kisima cha kaka. Kila chupa aliijaza pomoni akaikaza, maana chupa yenye pengo la hewa hudanganya. Kwa macho maji ni yale yale, ila ndani mna chembe nzito na nyepesi, zile ambazo watu wa kazi huziita isotopu. Jua likichoma bwawa, nyepesi hutangulia kuruka na nzito hubaki. Mvua ya mlimani huanguka ikiwa nyepesi, ikazama ardhini kabla jua halijaionja.

Majibu yalipotoka alifurahi hata akasahau kwamba neno la kazini halipelekwi nyumbani peku. Akampigia kaka.

"Kaka, maji ya kisima chako ni mazito. Ya Bomba ni mepesi."

Kaka akauliza, taratibu, yamefanywa mazito na nani.

Dada alipofungua mdomo kueleza, simu ilikuwa imekatika. Alipopiga tena alipokea wifi yake, analia: mumewe ametoka na panga, anasema ametiliwa sumu kisimani.

Pikipiki ya kukodi ilimfikisha kwa Bomba panga likiwa limeshashuka. Vidole viwili vya Bomba vilikuwa juu ya bati la pampu. Kwa mkono mzima alikuwa amemkaba kaka yake koo, anampigiza kichwa kwenye chuma. Hawakupiga kelele. Walikuwa wanahema tu, kama watu wanaochimba.

Dada hakuwashika. Alitoa mkobani chupa ya maji ya kaka iliyobaki kwenye kipimo, akasimama mbele yao, akainywa yote.

"Mazito kwa jua, kaka, si kwa sumu. Kisima chako hunywa bwawa, si maji ya Bomba. Na aliyebomoa ukingo wa bwawa apande mboga ni wewe."

Mkono wa Bomba ulilegea. Kaka alitazama chini bondeni, mboga zake zilivyositawi pale palipokuwa na maji. Alivua shati amfunge mdogo wake. Bomba akampiga teke la kifua. Akarudi. Akapigwa tena. Mara ya tatu Bomba alimwachia mkono uliokatwa.

"Dada," alisema Bomba, midomo imemkauka, "si wanasema damu nzito kuliko maji? Ichote basi, ukaipime."

Dada alilishika shati, likimchuruzikia damu viganjani, akakaza fundo kama anavyokaza chupa, pasipite hata hewa.