Lokole Haikutolewa Zawadi

Dominique, mama mutafiti wa nyumba moja ya sanaa kule Ulaya, alivuka mto kwa pirogue, mutumbwi wa muti, akatufikia Lubunga. Aliletwa na Franck, mutoto wa ndugu ya marehemu bwana yangu Hubert. Akatuonyesha picha ya lokole, ile ngoma ya muti ya kutuma habari. Kule kwao ukutani wameandika kwamba babu wa ukoo wetu aliitoa zawadi kwa muzungu aliyeanzisha ile nyumba. Alitaka kujua kama ni kweli, maana wameanza kuchunguza mali yake ilitoka kwa jasho ya nani.

Franck alikuwa ameniomba tangu asubuhi niseme ni zawadi. Familia itaalikwa kwa sherehe kule Ulaya, yeye atapanda ndege.

Nikasimulia kama Hubert alivyonisimulia. Yule muzungu alifunga banamuke wa kijiji cha Yanonge ndani ya uzio, mpaka bwana zao walete pembe za tembo. Babu hakupata pembe. Akabeba lokole ya ukoo, akamukomboa bibi, muke wake, nayo. Tangu pale ukoo haukuchonga ingine. Jina la bibi wanaume wetu wanalipiga kwa fimbo kwenye ubavu wa pirogue, na kila mutoto wa nyumba akilisikia, anasimama.

Franck akageuza maneno yangu kwa Kifaransa. Mimi niliishia shule ya musingi, lakini kwa masista waliotufundisha Kifaransa. Nilisikia vizuri: cadeau, zawadi.

Nikaweka mukono juu ya goti lake.

"Franck, unataka kusafiri juu ya mugongo ya bibi yako?"

Akacheka kidogo. "Tantine, ile mambo iko ya zamani. Bote walisha kufa."

"Yesu pia alikufa zamani. Ijumaa Kuu ulifunga juu ya nini?"

Alors basi, nikaingia ndani, nikachukua fimbo mbili za Hubert. Mwanamuke hapigi, najua. Mungu ataniuliza, nitamujibu. Pirogue yetu ilikuwa imepinduliwa kando ya nyumba. Nikapiga jina la bibi, polepole, lote mpaka mwisho.

Franck alikuwa na simu mukononi. Akaiacha kwenye kiti, akasimama wima kama kanisani wakati wa Injili. Sikumuambia asimame.

Dominique akamutazama, akamuuliza kwa nini amesimama.

Nikaweka fimbo chini, nikasogea karibu. Mara hii nilitaka kusikia kila neno.

"Parce que," Franck akaanza, macho chini, "ils l'avaient enfermée." Kwa sababu walikuwa wamemufungia bibi.