Tundu la Pili

Chumba cha maandishi ya kale katika maktaba ya chuo kilikuwa baridi, na Daktari alikuwa amejitanda shali juu ya koti. Daktari huyu hakutibu hata mafua. Kazi yake ilikuwa kupima kama maandishi ya kale ni ya kale kweli. Mezani palikuwa na ukurasa mmoja wa ngozi, barua ya Kigiriki ya Wakristo wa mwanzo. Baba yake mzazi ndiye aliyeugundua ujanani, akautafsiri, akawa profesa kwa ajili ya ugunduzi huo. Sasa wasomi walikuwa wameshikana mashati: huyu anasema halisi, yule bandia. Wapinzani wenyewe ndio waliotaka Daktari, binti yake, aamue, maana ulimi wake haukuwahi kumwonea mtu haya. Akisema bandia, jina la baba yake linakwenda na maji.

Mzee alikuwa amekaa ng'ambo ya meza, anatafuna kalamu.

"Wanasema herufi zimekwepa tundu hili la juu," alinung'unika. "Eti tundu lilitangulia wino, kwa hiyo aliyeandika ni tapeli wa juzi."

"Hao hawajawahi kuona ngozi ikiwambwa, Baba. Tundu hili ni la mviringo, kingo zake laini. Ngozi mbichi ikivutwa ikauke, palipoguswa na kisu hufunguka hivi. Waandishi wa kale walikuwa wakiliruka tu, kazi inaendelea."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Debe tupu haliachi kuvuma!"

Binti naye alifurahi, furaha ya kitoto kabisa. Akasogeza lenzi hadi chini ya ukurasa, ambako mdudu alikuwa ametoboa tundu jembamba. Hapo furaha ikamkauka. Ngozi hii iliharibiwa na mdudu ikiwa imeshazeeka kabatini, nazo herufi zilikuwa zimejibana kulikwepa tundu lake. Mahali pamoja wino ulikuwa umetiririka ndani. Aliyeandika alikuta mdudu keshashiba zamani. Ngozi ilikuwa ya kale. Maneno ndiyo yaliyokuwa ya juzi.

Hakuna mpinzani aliyelitaja tundu hilo. Angeweza kujibu hoja ya tundu la kwanza, akafunga jalada, na mzee akabaki na heshima yake. Alimpenda baba yake, na alitamani sana kufanya hivyo.

"Umeona nini, mama?"

Akampa lenzi. Mzee aliinama, akakawia kuinuka.

"Miaka yote nilisoma maneno," alisema taratibu. "Ngozi sikuiangalia."

"Ninaweza kuandika kuhusu tundu la kwanza tu, Baba."

"Ujinga nitauvumilia, mwanangu. Uongo, hapana. Andika."

Akaandika huku machozi yakimlengalenga. Alipomaliza, mzee akavaa miwani, akaisoma ripoti yote kama alivyokuwa akisoma kazi za wanafunzi wake. Akakata sentensi moja tu, ile iliyosema kwamba kosa kama hilo lingeweza kumpata mtu yeyote. Kisha akatia sahihi yake chini ya ile ya binti yake.