Watu 1 Wamenunua

Mimi nina hasira za karibu, nalisema mapema ili baadaye nisije nikasingiziwa. Ofisini wananiita Mama Maneno. Kazi yangu ni kuandika sentensi zinazokaa chini ya michoro kwenye dashibodi, ile skrini kubwa ya ukutani katika idara ya masoko, inayoonyesha tangazo gani limetazamwa, wangapi wamelibofya na magodoro mangapi yameuzwa. Ndiyo, tunauza magodoro. Cheka umalize, nakusubiri.

Sentensi hizo zipo kwa sababu ya mwenye kampuni, tunayemwita Mzee. Mzee hasomi michoro. "Hawa nyoka wenu wanapanda wanashuka, mimi wananitia kizunguzungu," alisema siku skrini ilipofungwa ukutani. "Niandikieni maneno, kama mtu anayeniambia." Basi kila Jumatatu asubuhi naandika: Wiki iliyopita watu elfu mbili walitazama tangazo letu, na mauzo yanapanda. Mzee anapita na kikombe chake cha chai, anasoma, anaitikia kwa kichwa, anakwenda zake. Miaka mitatu tuliishi hivyo raha mustarehe.

Shida ni kwamba namba za michoro zilikuwa hai, zikibadilika kila dakika, na maneno yangu yalikuwa ya Jumatatu. Alhamisi moja Mzee aliketi na wenye maduka chini ya skrini ile ile, akawaambia kwa kifua kipana kwamba mauzo yanapanda. Mwenye duka mmoja akanyoosha kidole kwenye mchoro nyuma yake. Mauzo yalikuwa yanashuka tangu Jumanne. Mzee akageuka, akatazama, akakosa pa kuuweka uso wake.

Meneja wa masoko alikuwa akiisubiri siku hiyo. Tunamwita Kwa Ufupi, maana hamalizi sentensi mbili bila kulisema neno hilo, na huwa hafupishi kitu. "Kwa ufupi, Mzee, maneno tuyatoe. Yanadanganya."

Mzee akanitazama mimi. "Nakupa mpaka Ijumaa ijayo saa nne asubuhi. Ama maneno yako yawe hai kama hizo namba, ama yatoke."

Na maneno yakitoka, mimi nabaki pale nafanya nini? Unga wangu ungekuwa umemwagika, hilo halikuhitaji mchoro.

Nikamwendea fundi wetu wa kompyuta, Kikokotoo, baba wa pacha, mtu mwenye kipara na subira ya ajabu. Akaniambia wala si kazi ngumu. Badala ya kuandika namba, niache nafasi ndani ya sentensi, mashine yenyewe itajaza namba iliyopo wakati huo. Asubuhi wakiwa mia itaandika mia, mchana wakifika mia na tano itaandika mia na tano. Nilitaka kumkumbatia. Jumatatu tukajaribu, skrini ikaandika: Mauzo yamepanda kwa -7.

"Yamepanda kwa hasi saba," nikasoma. "Kikokotoo, huko ni kupanda kwa wapi?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Tukaweka maneno mawili, yamepanda na yameshuka, mashine yenyewe ichague linalofaa. Hilo likaisha kabla ya mapumziko.

Jumatano ndipo kizaazaa kilipoanza. Tulikuwa tumetoa bidhaa mpya wiki ile, godoro la kitanda cha mtoto, na wanunuzi wake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, tena mkono wenyewe umekunjwa. Skrini ikaandika: Watu 1 wamenunua godoro la mtoto.

"Toa!" nikasema.

"Kwani kuna nini? Si inaeleweka?"

"Watu mmoja wamenunua? Inaeleweka na nani?"

"Mama Maneno, nisikilize. Programu hii imetengenezwa kwa lugha ambazo ukitaka wingi unabandika herufi mwishoni mwa neno, basi, umemaliza. Sisi tunageuza mbele. Mtu, watu. Mpya, wapya. Amenunua, wamenunua. Nikitaka kukuridhisha wewe, itabidi nihamie hapa na godoro langu."

"Magodoro si yapo ghalani! Chagua!" Nikachukua mkoba nikatoka, mlango nikaubamiza. Najua, najua. Nilishasema hasira zangu ziko karibu.

Nilipita kwa mama yangu. Mama alifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, na hata sisi wanawe tunamwita Mwalimu. Alinisikiliza huku anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa.

"Andika idadi," akasema. "Idadi ya walionunua ni moja. Idadi ya walionunua ni mia. Idadi haikugombanishi na mtu."

Ala! Kumbe rahisi hivyo! Nilifurahi kama nusu dakika hivi. Kisha Mwalimu mwenyewe akakunja uso, shuka mkononi.

"Lakini ningekuwa wewe nisingeandika hivyo. Huyo mzee wako alitaka mtu anayemwambia. Nani anaingia nyumbani kwa watu akasema idadi ya wageni waliofika ni moja?"

"Sasa nifanyeje, Mwalimu?"

"Andika sentensi tatu. Ya hakuna, ya mmoja na ya wengi. Mashine ichague. Mimi nilisahihisha madaftari sitini kila siku, wewe sentensi tatu zinakulemea?"

Hazikunilemea. Mimi nilifunzwa na mamangu, ulimwengu haukupata nafasi. Alhamisi asubuhi nilimwomba Kikokotoo radhi, naye akasema nisijali, mkewe hufoka vizuri zaidi. Tukashinda kutwa nzima pale. Hakuna aliyenunua. Mtu mmoja amenunua. Watu wawili wamenunua, watatu, wanne. Tulipofika sita akauliza kwa nini si "wasita", nikamwambia asiniulize mimi, amuulize aliyeunda lugha. Alasiri yeye ndiye aliyekuwa ananikosoa: "Hapo wateja wawili, halafu umeandika 'mpya'?" Loo, nilimpenda yule bwana siku ile.

Jioni Mwalimu akanipigia. "Kesho mnaonyesha saa ngapi?"

"Saa nne."

"Haya," akakata.

Ijumaa saa nne kamili Mzee alisimama mbele ya skrini na kikombe chake. Kwa Ufupi alikuwa pembeni amekunja mikono. Mzee akasoma kwa sauti, pole pole, sentensi moja baada ya nyingine, akafika ya mwisho.

"Wiki hii mtu mmoja amenunua godoro la mtoto."

"Kwa ufupi, Mzee, mmoja tu. Kwenye mchoro hata haonekani."

"Ndiyo," akasema Mzee. "Hapo kwenye mchoro haonekani." Akanywa chai. "Nani huyo? Amelipenda? Mtoto analala?"

Hakuna aliyejua.

"Mpigieni mumuulize," akasema. "Siku zote mnanionyesha vijiti, leo ndiyo mmeniambia kuna mtu. Maneno yabaki." Akanigeukia. "Na watu wa ghala nao utawaandikia, wanalalamika hawaelewi skrini yao."

Kabla sijajibu, sentensi ikageuka mbele ya macho yetu: Wiki hii watu wawili wamenunua godoro la mtoto.

"Lahaula! Imegeuka yenyewe!" Mzee akacheka, chai ikamwagika kwenye kiatu. Kikokotoo akanipiga konde la bega. Hata Kwa Ufupi alitabasamu, kwa ufupi.

Simu yangu ikalia, nikatoka ukumbini kuipokea.

"Kimegeuka?" Alikuwa Mwalimu.

"Nini?"

"Kitenzi."

Nikaegemea ukuta. "Usiniambie."

"Nilitaka kuona kama mmefanya kazi vizuri. Halafu huyo mtu mmoja alinitia huruma, wiki nzima peke yake."

"Godoro la mtoto, Mama! Una miaka sabini na mbili!"

"Paka wangu hana pa kulala."

Hasira zilikuja, kama kawaida yao, zikafika karibu kabisa, zikakuta nimeshaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Nikamwambia asante. Nikamwambia pia kwamba Mzee alikuwa ameshakubali kabla, kwa yule mmoja tu, na kwamba hakuhitaji kununua kitu.

"Basi nitalirudisha," akasema.

Nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Mzee alikuwa bado amesimama mbele ya skrini, kikombe kitupu mkononi, anamsubiri mtu wa tatu.

"Usilirudishe, Mama. Ukilirudisha, sentensi itarudi kwenye umoja."

"Basi libaki," akasema. "Sikukusomesha ili nije kukuharibia wingi."