Protini: Hakuna

Bosi wangu wa maabara alikuwa na mwandiko mzuri, na niliuchukia mwandiko ule kuliko nilivyomchukia yeye mwenyewe. Ndio alioutumia kumwandikia dada yangu kwenye kadi ya kliniki, alipopimwa mkojo: protini, hakuna. Siku nne baadaye dada alianguka kwa kifafa cha mimba, akafa na mtoto tumboni.

Nilipoajiriwa pale hakuna aliyejua mimi ni ndugu wa nani. Wiki ya kwanza tu nikafukua madaftari ya zamani. La stoo lilionyesha kuwa vijiti vya kupimia mkojo viliisha Ijumaa, vikaletwa vingine Alhamisi. Jumanne hapo katikati, siku dada alipopimwa, daftari la vipimo lilionyesha wajawazito kumi na wanne walileta mkojo, na wote kumi na wanne waliandikiwa hakuna. Angesema vijiti vimeisha, dada angeenda kupimwa kwingine. Lakini bwana mkubwa hakutaka ionekane maabara yake imeishiwa. Nilipiga picha kurasa zote mbili, nikafunga mdomo, nikaapa nitamngoja. Miaka miwili nilimwamkia kila asubuhi kwa adabu zote, huku moyoni namporomoshea matusi.

Siku ikafika. Aliniletea kopo kwa mkono wake mwenyewe, la binti yake mwenye mimba ya miezi minane. Akasema binti anawahi kazini, kichwa kinamgonga kidogo tu, nijaze fomu haraka aende zake. Nikachovya kijiti. Protini ikiwemo, nayo ni dalili ya kifafa cha mimba, kile kipande cha njano kwenye ncha ya kijiti hugeuka kijani. Hiki kilikolea kijani kabla dakika haijaisha.

Nilifurahi. Sitajisafisha, nilifurahi kweli. Lilihitajika neno moja tu, lilelile la kwake, naye angeonja tulichoonja sisi. Nikaandika herufi mbili za mwanzo. Kisha nikachungulia dirishani, nikamwona binti kwenye benchi, amevua viatu kwa sababu miguu ilivimba, anajisugua kisogo. Yeye hakunikosea kitu. Nikazikata zile herufi, nikaweka alama tatu za kujumlisha, yaani protini nyingi, nikamshika mkono hadi kwa daktari. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Alichomwa sindano ya kuzuia kifafa, akafanyiwa upasuaji siku hiyohiyo, na yeye na mtoto wakapona.

Kesho yake bosi alikuja kunishukuru, machozi yanamlengalenga. Nikamwonyesha picha, nikamtajia jina la dada. Alikaa chini taratibu.

"Unataka niache kazi?" akauliza.

"Nataka uje nyumbani umwambie mama yangu kwa mdomo wako. Usipokuja, picha hizi anaziona binti yako."

Mama yetu alikuwa na mzigo wake. Siku aliyoanguka, dada alilalamikia kichwa, na mama akaitazama kadi, akamwambia kliniki wamesema huna kitu, acha uvivu, amka ufue. Dada aliangukia kwenye beseni la nguo. Tangu hapo mama aliamini yeye ndiye aliyemuua, na alilisema hilo hata kwa wageni.

Bosi alikuja Jumamosi. Alikaa ukingoni mwa kochi, akasema yote: vijiti, Jumanne, wale wanawake kumi na wanne, hata jinsi binti yake alivyookolewa. Sauti ilimkwama mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia aendelee. Nilisimama mlangoni nikinywa kila neno. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo kuliko mshahara.

Mama hakulia. Aliuliza kama binti huyo anaendelea vizuri, akajibiwa ndiyo, basi akamwambia aende. Mlango ulipofungwa nilimsogelea, nikidhani atanikumbatia. Akanizuia kwa mkono.

"Wewe haya umeyajua lini?"

Nikamwambia: wiki yangu ya kwanza kazini.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili unaniona najiita muuaji, na jibu unalo."

Nilianza kumweleza kwamba nilitaka kumpata bosi pabaya, aumie kama tulivyoumia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza.

"Sasa ameumia," akasema. "Na mimi je?"

Aliingia chumbani kwake, nikamsikia akifunga mlango kwa ndani.