Mgonjwa na Marehemu Uani kwa Maimunah

Uani kwa Maimunah, chini ya mlima wa Mbuya, mlikuwa na wapangaji wawili wasiolipa kodi, wasioamka, na waliomaliza uwanja wote kwa kulala tu. Yalikuwa malori mawili ya jeshi, rangi ya kijani iliyochujuka, ambayo mumewe Marjan aliyanunua kwenye mnada miaka ile vita vya themanini na sita vilipokwisha na wakubwa wakaanza kuuza vyuma vyao vibovu. Wenzake mnadani walinunua majembe, mahema na masufuria. Yeye, kwa kuwa ujanani aliwahi kuwa fundi wa malori jeshini, akaona ameokota dhahabu.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Lori moja lilikuwa na nafuu kidogo, akaliita Mgonjwa. La pili lilikuwa limekufa kabisa, akaliita Marehemu. Marehemu atang'olewa spea, Mgonjwa apone, na Marjan abebe mchanga na matofali ya Kampala nzima. Hata mtoto angeuelewa mpango huo. Tatizo ni kwamba mtoto angeutekeleza.

Marjan alihamisha rejeta, akahamisha giaboksi, akahamisha pampu ya mafuta. Halafu siku moja akafuta vumbi kwenye injini ya Marehemu, akaitazama, moyo ukamruka. Injini nzuri jamani! Basi ya nini kumwua mtu mwenye injini kama ile? Akaanza kurudisha. Rejeta ikarudi kwa Marehemu, giaboksi ikarudi, Mgonjwa akawa ndiye wa kung'olewa spea. Baadaye akagundua kwamba fremu ya Marehemu imeliwa na kutu. Akarudisha tena. Miaka ikapita hivyo, vyuma vinavuka ua kwenda na kurudi, na majina yakabaki palepale, hivi kwamba hakuna aliyejua tena nani mzima na nani maiti. Wallahi kama si kwamba alikuwa mume wake, Maimunah angecheka mpaka alie.

Lakini sasa hapakuwa na kucheka, kwa sababu Husnah, binti yao, alikuwa ameposwa na kijana wa Kibuli, na siku ilikuwa imepangwa.

Wao ni Wanubi, na Mnubi akioza binti, wanawake huvaa gurbaba zao, vitambaa vya kujifunga, na kucheza ngoma ya doluka, na doluka haichezwi kwenye kijia cha kupitia choo. Inataka uwanja. Maimunah mwenyewe aliolewa ukimbizini, kusini mwa Sudani, katika ua wa mtu ambaye mpaka leo hamjui jina. Mwenye ua alikuwa na haraka zake. Wanawake ndiyo kwanza wanachangamka, yeye akaanza kukunja mikeka, mmoja baada ya mwingine, mpaka bibi harusi akabaki amekaa juu ya mchanga. Siku ile Maimunah alikula kiapo: akipata binti, atatoka kwenye lango la mama yake, na ngoma itakwisha wachezaji wakichoka wenyewe.

"Baba Husnah, malori yanaondoka lini?" aliuliza.

"Jumamosi," alisema Marjan kutoka chini ya boneti. "Mgonjwa anawaka, anamvuta Marehemu, tunawapeleka Kinawataka. Kwisha kazi."

"Si tuite lori la kuyavuta leo?"

Marjan alitoa kichwa, uso umemparama kama aliyetukanwa mama yake. "Lori la jeshi kuvutwa? Na mimi niko hai? Lori la jeshi linatoka kwa injini yake, Mama Husnah."

Msaidizi wake, Katembo, Mkongomani wa Beni aliyekimbia vita na kuja na spana zake tu, akatikisa kichwa kuunga mkono. "Mama, usikuwe na hasira. Hii motoka iko nzima. Inakosa tu kidogo."

Ndiyo, inakosa tu kidogo. Katembo alikuwa akisema hivyo tangu siku ya kwanza alipokanyaga ua ule, huku akinywa chai ya Maimunah.

Jumamosi ikaja, Mgonjwa akapiga kikohozi, akatoa moshi mweusi ulioharibu mashuka yote kwenye kamba, akanyamaza. Marjan alishangilia. "Umesikia? Umesikia alivyosema?" Jumamosi ya pili Mgonjwa hakusema chochote, kwa kuwa nozeli zake za mafuta zilikuwa zimehamia kwa Marehemu.

Hapo ndipo Yasiin, kaka mkubwa wa Marjan, alipotelemka kutoka Bombo kukagua maandalizi. Alisimama langoni na kanzu yake nyeupe, akatazama mabwawa ya oili na matairi yaliyopangwa kama viti vya wageni.

"Shemeji," alimwambia Maimunah, "kwangu Bombo pana uwanja. Mlete mtoto, tumwoze kule. Kuna ubaya gani?"

Maimunah akamgeukia mumewe. Alimngoja mumewe. Alijua kwamba hapa sasa mwanaume atanyanyuka, atafuta mikono, aseme binti yangu anatoka kwangu.

"Kwa kweli, kaka," alisema Marjan, uso umemng'aa, "umeniokoa. Bombo pana hewa. Na mimi huku nitapata nafasi ya kumalizia kazi yangu bila kusumbuliwa."

Maimunah alimpa Yasiin chai, akaongeza sukari, akamsindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote. Huko barabarani, shemeji alipoondoka, alilia. Alilia kwa hasira, ile ya kuona kwamba bibi harusi mwingine tena atakalishwa kwenye mkeka wa watu, safari hii bila vita wala mpaka wa kuvuka, kisa baba yake amependa vyuma.

Kesho yake asubuhi Marjan alitoka ndani na mswaki mdomoni, akakuta watu wa skrepu kutoka Ntinda wameketi juu ya matairi yake na mitungi ya gesi ya kukatia chuma. Mkubwa wao aliitwa Okullo.

"Nani kawaita hawa?"

"Mimi," alisema Maimunah. "Ua ni wa mama yangu, aliniachia mimi. Lakini sikuonei. Likiondoka lori moja nafasi inatosha, la pili nitalifunika kwa kanga, nitalipamba hata maua. Chagua likatwe lipi. Nakupa mpaka adhana ya alasiri. Ikisomwa hujachagua, wanakata yote."

"Rahisi!" alisema Marjan. Akaenda moja kwa moja kwa Marehemu, akampiga kofi la ubavuni. "Huyu hapa."

Okullo akainuka na kiberiti.

"Ngoja kwanza. Giaboksi iko humu."

"Giaboksi iko ya Mgonjwa," alisema Katembo.

"Ilikuwa ya Mgonjwa. Kabla ya hapo ilikuwa ya Marehemu."

"Basi kata Mgonjwa," alisema Okullo.

"Banange! Na fremu ile? Utapata wapi fremu ile siku hizi?"

Okullo akakaa tena. Jua likapanda. Marjan alizunguka lori hili, akazunguka lile, akalala chini, akatambaa, akatoka na oili puani. Alifungua boneti zote mbili akasimama katikati kama mwamuzi wa mpira. Mara tatu alimwita Okullo, mara tatu akamrudisha. Katembo kwa kila lori alikuwa na neno lake, na neno lenyewe mnalijua. Maimunah alikaa mlangoni akichambua mchele wa harusi, hakuwaharakisha. Ukweli ni kwamba alitamani achague. Angechagua lolote, hata lile bovu zaidi, angemsamehe.

Adhana ikasomwa. Marjan alikuwa na mkono mmoja juu ya kila boneti.

"Dakika moja tu, Mama Husnah."

"Okullo," alisema Maimunah, "kata yote."

Walikata hadi jioni, wakarudi kesho yake, ua ukafagiwa, ukamwagiwa maji, na siku ilipofika Husnah alitoka kwenye lango la bibi yake. Yasiin alikuja kutoka Bombo na kuusifu uwanja. "Ah, nimeusafisha mwenyewe," Marjan alimwambia, bila hata kupepesa macho. Wanawake walicheza doluka mpaka miguu ikakataa, na hakuna aliyekunja mkeka. Maimunah alicheza huku machozi yanamtiririka, na hakujali nani anamwona.

Katikati ya ngoma akaona watu wanapisha. Marjan alikuwa akijipenyeza kati ya gurbaba, jasho linamtoka, amekuja mpaka kwake. Maimunah akafikiri amekuja kumwomba radhi, na moyo wake, wa kijinga ule, ukalainika papo hapo. Akamsogezea sikio.

"Mama Husnah," alisema Marjan, "nimeamua. Ni Mgonjwa. Mgonjwa ndiye angebaki."